Bosi kafuta “have”, kaweka “has”

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, afisa tathmini katika shirika dogo linalogawa mbegu za alizeti kwa wakulima huku kanda ya kati. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari nikakutana na Kiingereza kwa kushtukiza kama wengi wetu, kwa hiyo Kiingereza changu ni cha kuhangaikia. Naandika polepole, narudia kusoma, nauliza. Bahati mbaya sehemu kubwa ya kazi yangu ni ripoti ya kila robo mwaka, na ripoti zote zinakwenda kwa wafadhili kwa Kiingereza.

Robo iliyopita, ukurasa wa 4, niliandika hivi: “A number of households have not received seed.” Bosi wetu ana desturi ya kuchapisha rasimu na kuipitia kwa kalamu nyekundu. Ikarudi mezani kwangu ile “have” imekatwa mistari miwili, juu yake kaandika “has”, na pembeni: “number = umoja!!” Kwenye kikao cha Jumatatu akaitaja mbele ya wote, madereva wakiwemo, kwamba mtu ana digrii na bado umoja na wingi vinamshinda. Nilinyamaza. Nikaandika alivyotaka, ripoti ikaenda.

Robo hii nikajisemea, sirudii. Nilikuwa na habari njema ya kuripoti, kwamba wasiopata mbegu wamepungua. Nikaandika: “The number of households that have not received seed have dropped.” Mwenzangu wa meza ya jirani aliniambia “households” ni wingi, kwa hiyo niweke “have” kotekote nisijichanganye. Rasimu ikarudi nyekundu tena. Safari hii bosi kaandika: “The number of households that has not received seed has dropped.” Kafuta “have” zote mbili.

Sasa sielewi, Mwalimu. Kompyuta nayo haisaidii, mara inapiga mstari wa bluu, mara inakaa kimya. Nani yuko sahihi? Na kama bosi ndiye aliyekosea, namwambiaje? Mkataba wangu unakwisha Desemba. Si mtu mbaya, nilipofiwa na baba alikuja hadi kijijini na kulala matanga siku mbili. Halafu ile ripoti ya kwanza iliyokwenda na “has”, je, niwaandikie wafadhili kuomba radhi?

Mwenye Rasimu Nyekundu,
Dodoma

*

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kufiwa na baba.

Nianze na hukumu, maana najua ndiyo unayoisubiri. Sentensi ya kwanza ulikuwa sahihi wewe, bosi akaiharibu. Ya pili uliiharibu wewe kwenye “have” ya mwisho. Bosi akaitengeneza hiyo, kisha akaenda kuivunja ile “have” ya katikati ambayo haikuwa na kosa lolote. Sentensi salama ni hii: “The number of households that have not received seed has dropped.” Ina “have” moja na “has” moja, na kila moja ina mwenyewe.

Sasa twende taratibu, kwa sababu hili jambo tunalijua tangu utotoni ila tunalisahau tukishika Kiingereza.

Soma kwa sauti: Baadhi ya kaya hazijapata mbegu. Umewahi kumsikia mtu, awe wa Dodoma, wa Tanga au wa Unguja, akisema “baadhi ya kaya haijapata mbegu”? Hata bosi wako hasemi. Lakini hebu itazame kwa jicho la mwalimu wa sarufi. “Baadhi” limekaa mbele, limefuatwa na “ya”, lina sura zote za neno kuu la kirai nomino, neno ambalo kwa kawaida ndilo linaloamua kiambishi cha kitenzi. Hapa haliamui chochote. Tunasema baadhi ya watu wanasema, baadhi ya miti imekauka, baadhi ya vitabu vimechanika, baadhi ya maji yamemwagika. Kiambishi kinabadilika kila tunapobadilisha jina la nyuma, na “baadhi” lipo tu, limetoa nafasi.

“A number of” ya Waingereza ndiyo “baadhi ya” yetu, au ukipenda, “kadhaa”. Neno “number” mle ndani limekwisha kupoteza mamlaka yake, limebaki kuwa kipimo cha kukadiria. Kitenzi kinaliruka na kwenda kushikana na “households”, ambalo ni wingi. Ndiyo maana ni “a number of households have”, kama vile kaya kadhaa hazijapata.

“The number of” ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni “idadi ya”. Idadi ya kaya imepungua. Kilichopungua ni nini? Si kaya, kaya ziko palepale, na mbuzi wao na kuku wao. Kilichopungua ni tarakimu. Hapo “number” ni bwana wa sentensi, ni umoja, na kitenzi kinamtii yeye: “the number has dropped”. Ukitaka kujipima, jaribu kuweka tarakimu mwishoni. Unaweza kusema “the number of households is 37”. Huwezi kusema “a number of households is 37”; sikio linakataa, kama linavyokataa “baadhi ya kaya ni 37”.

Na tofauti yote hiyo, mwanangu, imebebwa na herufi moja na kijineno kimoja, “a” na “the”, vitu ambavyo Kiswahili hakina. Sisi tukisoma Kiingereza macho yetu yanaviruka kama vumbi juu ya kurasa. Bosi wako aliona “number”, akakumbuka “idadi”, akakumbuka idadi ni umoja, akachukua kalamu. Hakuiona “a”.

Nisimlaumu sana, kwa sababu hata kwenye Kiswahili chetu eneo hili lina utelezi. Washa redio wakati wa mkutano wa hadhara utasikia “idadi kubwa ya wananchi wamejitokeza”. Mwalimu wa Kiswahili anakunja uso, anataka “imejitokeza”. Kwa kanuni ya ngeli mwalimu ana haki, na kwenye mtihani andika anavyotaka yeye. Lakini mtangazaji naye hajapotea njia bure. Waliojitokeza uwanjani ni watu, idadi haivai kofia wala haipigi vigelegele. Maana inavuta upande mmoja, ngeli inavuta upande mwingine. Kwenye Kiingereza cha kuandika huo mvutano ulikwisha kuamuliwa, na maana ndiyo iliyoshinda: “a large number of people have turned up”, “a small number of farmers have refused”, “a growing number of women are joining”. Ukiona “a” mbele na jina la wingi nyuma, hata ukichomeka kivumishi katikati, kitenzi kinabaki cha wingi. Kwa hiyo “a large number of” usiitafsiri kichwani kuwa “idadi kubwa ya”, itakurudisha kwenye shimo lile lile. Itafsiri “watu wengi”, utakuwa salama.

Turudi kwenye sentensi yako ya pili, maana hiyo ndiyo tamu. Iandike kwa Kiswahili:

Idadi ya kaya ambazo hazijapata mbegu imepungua.

Tazama viambishi. Ambazo hazijapata ni za nani? Za kaya. Imepungua ni ya nani? Ya idadi. Hakuna Mswahili anayesema “idadi ya kaya ambazo hazijapata mbegu zimepungua” akajisikia vizuri, na hakuna anayesema “idadi ya kaya ambayo haijapata mbegu”, kana kwamba ni idadi iliyopanga foleni ikakosa mfuko wake. Kosa lako lilikuwa la kwanza, kosa la bosi ni la pili. Wewe ulivutwa na “households” iliyokuwa karibu ukailisha kitenzi kisichokuwa chake, na yeye akaipa “number” hata kile ambacho si haki yake. Huyo jirani yako wa meza anayeshauri “have” kotekote usijichanganye, mwambie asante lakini abaki na ushauri wake.

Ukipata wasiwasi siku nyingine, fanya hivyo hivyo. Andika sentensi kwa Kiswahili pembeni kwa penseli, piga mstari chini ya kila kiambishi cha kitenzi, uliza ni cha nani. Kiswahili kinaonyesha mwenye kitenzi waziwazi, i-, zi-, wa-, vi-, ya-. Kiingereza kina “has” na “have” tu, na mara nyingi hata hiyo hakina; “dropped” peke yake haikuambii chochote. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na mbinu hii ya kukikagua kwa ngeli za Kiswahili imenisaidia kuliko sheria nyingi nilizonakili ubaoni.

Sasa la bosi.

Nikusimulie la kwangu kwanza, ujue unayezungumza naye. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Kijana mmoja kaandika “A number of pupils were absent”. Nikapiga mkasi mkubwa, nikaandika “was”. Sikumsema mbele ya wenzake, ila mkasi wenyewe ulikuwa umetoboa karatasi. Siku ya pili, wakati wa mapumziko ya chai, akabisha hodi mlango wa ofisi ya walimu, kashika kamusi ya maktaba kwa mikono miwili. Akasema, “Mwalimu, samahani, naomba unisaidie kuuelewa mfano huu.” Kaweka kidole kwenye neno “number”. Chini yake pana mfano, na kitenzi cha mfano ule ni cha wingi. Nilisoma mara mbili. Nilijua dhahiri kwamba yeye ameshauelewa, na alijua kwamba najua. Nikamwambia, “Acha daftari lako hapa.” Mchana lilirudi kwake lina vema juu ya ule mkasi, na sisi wawili hatukulizungumza tena.

Nimewahi kusahihishwa na watu wenye vyeo, mbele za watu, na sikumbuki walichonifundisha. Cha yule kijana nakikumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo usimwendee bosi na barua hii, wala usiipige picha ukaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, hata kama mkono unawasha. Mwendee akiwa peke yake, asubuhi kabla simu hazijaanza, na rasimu mkononi. Ukitaka msaada wa kamusi, nzuri yoyote ya wanafunzi wa Kiingereza itakufaa. Fungua “number” usome mifano. Mwambie, “Bosi, naomba uniongoze hapa. Nikiandika ‘a lot of people’, naweka ‘is’ au ‘are’?” Atasema “are”, hakuna namna. Basi muulize tena, “Na ‘lot’ si umoja?” Kisha nyamaza. “Lot” kwa asili ni kura, ni fungu la mtu mmoja; likiwa peke yake ni umoja kama “number” ilivyo. Lakini nani kaandika “a lot of people is” akalala usingizi? Mwache afike mwenyewe. Mtu aliyekuja kulala matanga kwenu siku mbili hatakunyima mkataba kwa swali lililoulizwa kwa adabu. Asipofika, asipotaka kufika, usibishane. Una njia nyingine, na kusema kweli ndiyo ninayoipenda zaidi.

Njia yenyewe ni kuitupa “a number of”. Sikiliza, wewe ni afisa tathmini. Unalipwa kuhesabu. “A number of households have not received seed” ni sarufi safi na ni ripoti mbovu. Kaya ngapi? 3? 300? Mfadhili anayesoma hapo ananusa kitu kinachofichwa, hata kama hakuna. Orodha za ugawaji unazo, na vidole gumba vya wakulima kwenye wino wa zambarau umevikagua wewe mwenyewe. Tuseme mliandikisha kaya 412 na 37 hazijapata, basi andika: “Of the 412 registered households, 37 have not yet received seed.” Tazama sasa: kalamu nyekundu itashika wapi? Hakuna atakayefuta “have” baada ya 37. Na nimekuwekea “Of the 412” mwanzoni makusudi, kwa sababu kwa Kiingereza si vizuri kufungua sentensi na tarakimu.

Ikiwa kweli hesabu bado haijakamilika, tumia “several” au “some”. Hakuna “number” ndani, hakuna ugomvi. “Several households have not received seed.” Ukitaka tarakimu iliyojumlishwa, kuna “a total of”, nayo inakwenda njia ya “a number of”: “a total of 37 households have”. Kitenzi cha kaya.

Mawili matatu ya haraka kabla sijasahau, kwa kuwa ripoti za mashirika nazisoma na najua zinakojikwaa. Baada ya “a number of” lazima lije jina linalohesabika, tena kwa wingi. Hakuna “a number of information” wala “a number of equipment”. Tunateleza hapo kwa sababu kwetu taarifa ni nyingi na vifaa ni vingi, hivyo tunabandika s: “informations”, “equipments”, “furnitures”. Toa s zote hizo. Kwa hizo sema “a lot of information”, au hesabu kwa vipande, “three pieces of equipment”. “Staff” kwa maana ya wafanyakazi nayo haivai s, lakini “a number of staff have been trained” inakubalika, kwa sababu “staff” yenyewe ni kundi la watu. Upande wa pili, “the amount of farmers” ni kosa. “Amount” ni ya vitu vinavyomiminwa au kupimwa, kama maji, unga au fedha, na wakulima hatuwapimi kwa debe.

Na “one of the farmers”: jina liwe wingi, kitenzi kiwe umoja, “one of the farmers has”. Mmoja wa wakulima amepata. Hapo Kiswahili na Kiingereza vinatembea pamoja kabisa, lakini kila wiki nakutana na “one of the farmer”.

Kuhusu kompyuta, ule mstari wa bluu uchukulie kama mzee wa mtaa asiye na uhakika. Msikilize, usimtii. Programu hizo mara nyingi zinashika sentensi fupi, na zinapotea kitenzi kinapokaa mbali na mwenyewe, kama katika ile yako yenye “that” katikati. Ndipo hasa unapohitaji msaada.

Ripoti iliyokwenda na “has” iache ilale. Kuwaandikia wafadhili barua nzima kuomba radhi kwa kitenzi kimoja ni kuwaita watu waje kutazama tundu kwenye soksi. Wao walifungua jedwali la ugawaji na bajeti. Kama jedwali lilikuwa na kosa, hapo ungeandika siku hiyo hiyo. Kama faili lenyewe bado lipo kwenye kompyuta ya ofisi, rekebisha nakala hiyo, kwa sababu najua tabia ya maofisini: robo ijayo mtu atainakili aya nzima na kuibandika, na “has” itaanza maisha mapya.

Halafu ile “seed” yako bila s umeiandika vizuri. Mbegu ya kugawa kwa magunia inapimwa kwa kilo, haihesabiwi punje kwa punje, na watu wa kilimo ndivyo wanavyoiandika. Bosi akiongeza s usipigane naye, “seeds” nayo si kosa. Akigusa “sunflower” akaifanya “sunflowers seed”, hapo niandikie.